Ulevi na Utumishi: Majuma Saba ya Kocha Sarkisian

Katika makala haya tunakusudia kutazama jambo ambalo kila mchungaji mwenye usharika hukutana nalo mapema au baadaye, nalo ni mtumishi anayepoteza kazi yake kwa sababu ya pombe. Tumechagua kulitazama kwa njia ya mfano ulio mbali nasi, wa kocha wa michezo wa chuo kikuu kimoja cha Marekani. Habari za kocha huyu zilitangazwa waziwazi, zikafika hata mbele ya sheria, hivyo tunaweza kuzijadili bila kumwaibisha mtu kwa mambo ya siri. Zaidi ya hayo, umbali unatusaidia. Tukitwaa mfano wa nyumbani, msomaji ataacha hoja na kuanza kutafuta ni nani anayesemwa.

Mpira unaohusika si ule tunaoujua sisi. Ni mchezo wa Kimarekani wenye mpira wa umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu. Katika vyuo vikuu vya huko mchezo huo ni shughuli kubwa mno. Viwanja hujaa makumi ya maelfu ya watu, wafadhili hutoa fedha nyingi, na mara nyingi kocha mkuu hulipwa kuliko mkuu wa chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha Southern California, kilichoko mjini Los Angeles, ni kimojawapo cha vyuo vyenye sifa kubwa katika mchezo huo. Kilianzishwa mwaka 1880 kwa mkono wa Wamethodisti, ingawa uhusiano wake na Kanisa hilo ulikatwa katika miaka ya 1950.

Mwezi wa Desemba mwaka 2013 chuo hicho kilimwajiri Steve Sarkisian kuwa kocha mkuu. Alitoka Chuo Kikuu cha Washington, ambako alikuwa amefundisha misimu mitano. Msimu wake wa kwanza ulikwenda vizuri: timu ilishinda michezo 9 na kushindwa 4. Tarehe 22 Agosti 2015, kabla ya msimu wa pili kuanza, palikuwa na sherehe ya kila mwaka ya wafadhili, wachezaji na jamaa zao. Kocha alisimama kuhutubia akiwa hana hali nzuri, akatumia maneno yasiyofaa, akaondolewa jukwaani. Kwa kuwa siku hizi kila mtu anabeba kamera katika simu yake, jambo hilo lilienea kabla ya jua la kesho yake kuzama. Aliomba radhi. Siku chache baadaye, mbele ya waandishi wa habari, alieleza kwamba alikuwa amechanganya pombe na dawa. Alipoulizwa kama ana tatizo la ulevi, alisema haamini hivyo, ila angekwenda kupata msaada ili ajue. Alibaki kazini, na msimu ukaanza.

Tarehe 8 Oktoba timu yake ilishindwa nyumbani na Washington, chuo kile alichotoka, kwa pointi 17 kwa 12. Siku ya Jumapili tarehe 11 Oktoba alifika kazini katika hali ambayo mkuu wa idara ya michezo, Pat Haden, aliieleza kuwa dhahiri si ya mtu mwenye afya. Siku hiyo hiyo alipewa likizo isiyo na mwisho uliotajwa. Jumatatu tarehe 12 Oktoba alifukuzwa kazi.

Kati ya sherehe ile na Jumapili hiyo yalipita majuma saba na siku moja. Watu wengi waliozungumza juu ya habari hizi walitazama siku ya kwanza na siku ya mwisho, yaani aibu ya jukwaani na barua ya kufukuzwa. Sisi tunaona kwamba siku zilizo katikati ndizo zenye mafundisho kwa mchungaji.

Yaliyotokea katika majuma hayo yana mabishano. Mwezi wa Desemba 2015 Sarkisian alikishtaki chuo, akidai fidia ya dola zisizopungua milioni 30. Alisema kwamba ulevi wake ni ugonjwa, kwamba aliomba nafasi ya kujitibu akanyimwa, na kwamba habari za kufukuzwa zilimfikia kwa barua ya kompyuta alipokuwa safarini kwenda mahali pa matibabu. Chuo kilikana vikali. Kilisema kwamba kocha alikanusha mara kwa mara kuwa na tatizo la pombe, kwamba hakuomba likizo ya matibabu, kwamba alipinga jitihada za kumsaidia, na kwamba alikuwa ameonywa kwa maandishi kuwa kosa jingine lingemwondoa. Shauri hilo lilipelekwa mbele ya msuluhishi wa kisheria, naye mwaka 2018 aliamua kwa upande wa chuo.

Basi tusimhukumu mwajiri kwa haraka. Sheria za huko zimeliwaza jambo hili kwa makini kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayowalinda walemavu inaweza kumlinda hata mtu mwenye ulevi sugu. Pamoja na hayo inamruhusu mwajiri kumdai mtu huyo kiwango kile kile cha kazi na mwenendo anachowadai wengine, hata kama kasoro yake inatokana na ulevi wenyewe. Sheria ya Kazi ya jimbo la California, katika kifungu cha 1025, inamtaka mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 25 au zaidi ampe nafasi mfanyakazi anayetaka kwa hiari yake kuingia katika matibabu ya ulevi, ilimradi jambo hilo lisimletee mwajiri taabu iliyopita kiasi. Lakini kifungu hicho hicho hakimzuii kumwondoa mtu ambaye, kwa sababu ya pombe anayokunywa sasa, hawezi kazi yake au anaifanya kwa kuhatarisha wengine. Msomaji aangalie maneno "kwa hiari yake". Mlango wa msaada unafunguliwa na mgonjwa mwenyewe, kwa kusema kwamba ni mgonjwa. Asiposema, sheria inabaki na mfanyakazi aliyeharibu kazi tu.

Hapo ndipo penye ugumu wote, kwa maana kutosema ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka mwaka 1956 kwamba watu wenye ulevi sugu wapokelewe hospitalini kama wagonjwa. Kabla ya hapo, mwaka 1935, walevi wawili katika mji wa Akron, mmoja daktari na mmoja mfanyabiashara, walianzisha ushirika unaoitwa Alcoholics Anonymous, na hatua ya kwanza kabisa ya ushirika huo ni kukiri kwamba pombe imemshinda mtu. Hawakuweka kukiri mwanzoni kwa bahati tu. Walijua kwa nafsi zao kwamba mlevi ndiye mtu wa mwisho kuuona ulevi wake. Atasema amechoka, atasema ni dawa alizomeza, atasema ana mambo ya nyumbani. Pengine yote hayo ni kweli pia, na hivyo ndivyo yanavyoweza kumdanganya.

Wanafunzi wetu, wafikapo hapa, hupenda kukimbilia kitabu cha Luther cha mwaka 1525 juu ya utashi uliofungwa, wakisema kwamba mlevi hana uhuru, basi asilaumiwe. Hiyo ni kusoma kwa pupa. Luther alikuwa akizungumzia mtu mbele za Mungu, kwamba hawezi kujiokoa. Katika mambo yaliyo chini yake, kama vile mali yake na kazi yake, alimwachia mtu uhuru wa namna fulani. Na Luther huyo huyo mwaka 1539 alihubiri kwa ukali juu ya ulevi wa Wajerumani wenzake, akitumia 1 Petro 4, wala hakuwaambia kwamba hawana la kufanya. Kwa upande mwingine wapo wazee wa usharika wasemao kwamba ulevi ni dhambi basi, na kwamba habari za ugonjwa ni visingizio vya Wazungu. Hao nao wanakosea, kwa maana mtu aweza kuwa mgonjwa na mkosaji kwa wakati mmoja. Ugonjwa wake haumwondolei wajibu kwa wale aliowaumiza. Kosa lake nalo halituondolei wajibu wa kumpeleka hospitali. Paulo anawataka maaskofu na mashemasi wasiwe watu wa kulewa (1 Timotheo 3:3, 8), na anapowaandikia Wagalatia (6:1) anawaagiza wa rohoni wamrejeze kwa upole aliyeghafilika. Maagizo yote mawili yanasimama. (Ile aya ya divai kidogo, 1 Timotheo 5:23, hatuna haja ya kuitaja; walevi wote wamekwisha kuikariri.)

Sasa tuulize swali ambalo kwetu ni kiini cha jambo. Katika majuma yale saba kocha angemwambia nani? Aliyekuwa juu yake ni mkuu wa idara ya michezo, mtu aliyeshika mkataba wake na mshahara wake, mwenye uwezo wa kumwondoa siku yoyote. Naye alijua kazi hiyo ilivyo. Kocha mkuu aliyeajiriwa kabla yake, Lane Kiffin, alifukuzwa mwezi wa Septemba 2013 usiku uwanjani pa ndege, timu iliporudi kutoka mchezo iliyoshindwa. Kumwendea mtu wa namna hiyo na kusema, "Mkuu, pombe imenishinda," ni sawa na kumpa kisu. Inawezekana kabisa kwamba chuo kilisema kweli, kwamba hakuomba msaada. Inawezekana pia kwamba hakuweza kuuomba kwa yule aliyetakiwa kumwomba. Mambo hayo mawili hayapingani.

Tukigeuza macho kutazama nyumbani, hali yetu ni nzito zaidi. Mwinjilisti katika mtaa wa mbali, akianza kunywa, atamwambia nani? Mchungaji wa usharika ndiye anayemsimamia kazi. Huyo huyo ndiye mwenyekiti wa Baraza la Wazee litakalomjadili. Huyo huyo anaandika taarifa kwa Mkuu wa Jimbo. Na huyo huyo, kwa mujibu wa mafundisho yetu, ndiye msikilizaji wa toba yake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linataka ondoleo la dhambi la faraghani lidumishwe katika makanisa. Tunalifundisha darasani, na wanafunzi hulijibu vizuri katika mitihani. Lakini mtumishi wa Kanisa mwenye watoto wa kusomesha hawezi kuitumia huduma hiyo ikiwa anayemsikiliza ndiye anayeshika mkate wake. Atafanya afanyavyo kila mwenye hofu, yaani atatafuna karafuu, atakaa mbali kidogo wakati wa salamu, na atasema ana malaria.

Kwa hiyo tunashauri kwamba viti hivyo viwili vitenganishwe. Anayesimamia kazi asimamie kazi: aseme waziwazi kilichoharibika, aandike, aweke masharti na tarehe, na awe tayari kumwondoa mtu kazini ikibidi. Lakini awepo mwingine, mchungaji mstaafu au muuguzi mwenye busara au mchungaji wa usharika jirani, ambaye si mjumbe wa kamati yoyote itakayomjadili mtu huyo. Mtumishi ajue jina lake tangu siku ya kwanza. Na ijulikane kwa wote kwamba msimamizi hataulizia yaliyosemwa huko, ataulizia tu kama mtu alikwenda. Utaratibu huu hauhitaji bajeti. Unahitaji wachungaji wanaoweza kukubali kwamba si lazima wajue kila kitu, jambo ambalo, tukisema kweli, ni gumu kwetu kuliko bajeti.

Habari za Nuhu (Mwanzo 9:20-27) hutumiwa mara nyingi katika mahubiri juu ya pombe, na kwa kawaida mhubiri humshambulia Hamu aliyekwenda kutangaza nje. Tunakubali. Watu wenye simu katika sherehe ile ya Agosti walifanya kazi ya Hamu. Lakini sharika zetu zina kosa jingine lenye sura ya Shemu na Yafethi. Tunamfunika mtu vazi, tunamhamishia mtaa mwingine, tunasema ameombewa, na tunamwacha na mtungi wake. Huko ni kumficha. Mtu aliyestiriwa kweli hupelekwa kwa waganga. Na hata katika mfano wetu, baada ya tukio la Agosti gazeti la Los Angeles Times liliandika juu ya hati za matumizi kutoka Chuo Kikuu cha Washington zilizoonyesha gharama za vileo. Dalili zilikuwapo tangu nyuma, katika mafaili ya ofisi.

Kuhusu waganga tunapenda kusema neno moja la tahadhari, maana ni jambo la uhai na kifo. Wapo wachungaji ambao, wakiisha kuomba na mlevi, humwagiza aache kabisa tangu usiku ule, na kumfungia ndani ili asitoke. Kwa mtu anywaye kidogo halitakuwa jambo baya. Lakini kwa yule ambaye mwili wake umezoea pombe kali kila siku kwa muda mrefu, kuacha ghafla pasipo uangalizi kunaweza kumletea kutetemeka, degedege, kuweweseka na kuona visivyokuwapo, na wakati mwingine kifo. Hatari huanza katika siku za kwanza, tena pale ambapo jamaa wanafurahi kwamba ameokoka. Wale wanaoona pepo katika kuweweseka huko humzidishia mgonjwa maombi ya usiku kucha, hali anahitaji dawa na maji. Mchungaji aombe naye, kisha aandamane naye hadi hospitali ya wilaya, na amweleze daktari bila haya mtu huyo anakunywa nini na kwa kiasi gani. Kama ni gongo, aseme ni gongo.

Turudi kwa likizo ile ya Jumapili. Tumesema kwamba msuluhishi alikipa chuo haki, nasi hatuna sababu ya kubishana naye. Vijana wale walikuwa wamekabidhiwa kwa kocha na wazazi wao, na mtu asiyeweza kusimama mbele yao hawezi kuendelea kuwaongoza. Kumwondoa kwenye nafasi kulikuwa halali, na pengine kulikuwa lazima. Hata hivyo tunaona shida katika siku ile moja. Likizo ina maana yake: inamwambia mtu nenda, upone, tutazungumza. Ikigeuzwa kuwa kufukuzwa kabla ya saa nyingi kupita, neno lenyewe linapoteza thamani, na mfanyakazi mwingine mwenye shida kama hiyo, akitazama kwa mbali, anajifunza kunyamaza. Chuo kingeweza kumwondoa moja kwa moja siku ya Jumapili, au kumwacha atibiwe kwanza na kumwondoa baadaye. Kanisa likitoa likizo ya matibabu, na liitoe kwa majuma yanayotajwa katika barua, likitaja na mshahara, na lisiibatilishe kabla ya tarehe yake isipokuwa kwa kosa jipya.

Sarkisian alikwenda kutibiwa. Mwezi wa Septemba 2016 Nick Saban, kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Alabama, alimpa kazi ya mchambuzi. Ni kazi ya chini kwa mtu aliyekuwa kocha mkuu, ya kutazama filamu za michezo na kuandika maelezo, bila kuamuru wachezaji. Kutoka hapo alipanda taratibu. Alifundisha miaka miwili katika timu ya kulipwa ya Atlanta Falcons, akarudi Alabama mwaka 2019 kuongoza mashambulizi, na tarehe 11 Januari 2021 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuishinda Ohio State pointi 52 kwa 24. Siku chache kabla ya mchezo huo Chuo Kikuu cha Texas kilikuwa kimetangaza kumwajiri kuwa kocha mkuu. Tangu kufukuzwa hadi hapo ilikuwa imepita miaka mitano na miezi kadhaa.

Tusifanye ushuhuda wa haraka kutokana na hayo. Miaka kumi na miwili kabla ya Sarkisian kufukuzwa, Larry Eustachy, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha jimbo la Iowa, alijiuzulu mwezi wa Mei 2003 baada ya picha zake akinywa pamoja na wanafunzi kutokea magazetini. Alikiri ulevi wake, akatibiwa, akapata kazi tena katika vyuo viwili. Lakini mwaka 2018 alijiuzulu katika chuo cha pili, Colorado State, wakati mwenendo wake kwa wachezaji ulipokuwa ukichunguzwa, na safari hii ulevi haukuwa sababu. Mtu akiacha pombe ameacha pombe. Hasira yake, kiburi chake na namna yake ya kutumia madaraka bado vinahitaji mchungaji, na waliomkaribisha kwa shangwe wasidhani kazi imekwisha.

Jambo tunalolipenda katika kurudi kwa Sarkisian ni ile kazi ya kwanza. Haikuwa nafasi yake ya zamani, wala haikuwa adhabu ya kukaa bila kazi. Ilikuwa kazi ya kweli yenye kutumia ujuzi wake, chini ya mtu anayejua habari zake zote, mahali ambapo wenzake wangemwona kila asubuhi. Utaratibu wetu wa kumrudisha mtu kundini una sala zake na siku yake ya Jumapili mbele ya usharika, lakini mara nyingi haujibu swali la Jumatatu. Mwinjilisti aliyetoka hospitali akipelekwa tena peke yake katika mtaa ule ule wa mbali, ambako kila harusi na kila tanga vina mtungi, amewekwa tena pale alipoanguka. Heri apewe kwanza mwaka mmoja makao makuu ya usharika, afundishe kipaimara pamoja na mwenzake, asaidie kuandika daftari la washarika, na kila Alhamisi aende kwa yule mchungaji mstaafu ambaye si mjumbe wa kamati yoyote.